Cheo Kiachwe Getini

Akina mama wenzangu, hapa Mwanza tunakutana na wake wa askari sokoni Kirumba tukinunua dagaa, kwenye foleni ya kliniki ya watoto, na Jumapili kwenye benchi moja kanisani. Tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, kisha kila mmoja anashika njia yake. Lakini wengi wetu hatujui maisha ya mwenzetu akishapita lile geti lenye mlinzi.

Mimi nimejaliwa kuyajua kidogo. Ni muuguzi kwa kazi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katika kikundi cha akina mama wa kanisa letu kinachoingia kambini mara mbili kwa mwezi. Tunasali na wenzetu, tunawatembelea wagonjwa na wajane, na tunafundishana mambo ya afya ya mama na mtoto. Kambi yenyewe sitaitaja, kwa maana watu wake ni marafiki zangu na mambo yao si ya kutangaza.

Napenda niwashirikishe jambo moja nililojifunza huko. Kikundi cha dini kinapoingia jeshini hakina budi kuchunga sana desturi yake. Kisipoichunga, desturi ya jeshi itaingia ndani ya kikundi bila kupiga hodi, na watakaoumia ni wale wadogo ambao kikundi kilikwenda kwa ajili yao.

Desturi ya jeshi si mbaya

Kwanza niseme wazi kwamba silidharau jeshi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo, na tangu mwanzo lilikusudiwa liwe jeshi la wananchi wenyewe. Sisi wa ukanda huu wa Ziwa tunajua lilivyotufaa. Wazee wetu hawajasahau jinsi majeshi ya Idi Amin yalivyoivamia Kagera mwaka 1978. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kuipiga Mwanza yetu hii. Kwa rehema za Mungu ililikosa lengo, na makombora yakaangukia Kisiwa cha Saanane, yakaua swala waliokuwa wakifugwa huko. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na hofu ikatutoka.

Ushindi ule haukupatikana kwa watu kubishana. Askari akiambiwa lala, analala. Akiambiwa songa, anasonga. Sisi wauguzi tunalielewa jambo hilo. Katika chumba cha upasuaji, daktari akiomba mkasi hatuanzi kujadiliana. Kila kazi yenye hatari huhitaji anayeamuru na anayetii.

Lakini tuulizane jambo moja. Cheo amepewa nani? Amepewa mume. Yeye ndiye aliyekula kiapo na ndiye anayelipwa kwa kazi hiyo. Mkewe hakula kiapo chochote isipokuwa kile cha ndoa. Hata hivyo, kambini mke huvaa nyota za mumewe ingawa hazijashonwa begani pake. Mke wa kanali ni kanali, na mke wa koplo ni koplo.

Makochi, viti na mkeka

Tulipoanza kwenda kambini tulikuta kikundi cha sala kimekwisha kuundwa, nasi tukajiunga nacho. Kilikuwa na akina mama wapatao arobaini. Mbele paliwekwa makochi mawili, na hapo alikaa mke wa mkuu wa kikosi pamoja na mke wa msaidizi wake. Nyuma yao palikuwa na viti vya plastiki vya wake wa maofisa. Wake wa masajini na makoplo walikaa mkekani, karibu na mlango na karibu na jiko la mkaa.

Hakuna aliyeamuru hivyo, wala hapakuwa na tangazo. Lakini mama mgeni alipoingia, aliuliza kwanza mume wake ni nani, kisha akajua pa kukaa.

Maombi ya kila mmoja yalianzia makochini. Yalipofika kwenye mkeka muda ulikuwa umekwisha, na mama mmoja wa mbele alifunga kwa sala ya jumla. Chai ilimiminwa na wa mkekani, kila mara. Michango ilisomwa kwa sauti kwa majina, kuanzia kubwa kushuka hadi ndogo. Mwenyekiti hakuchaguliwa. Alikuja na cheo cha mumewe, na mumewe alipohamishwa aliondoka nacho. Daftari la kikundi nalo mara nyingine liliondoka ndani ya sanduku lake, na kikundi kikaanza upya kama mtoto anayejifunza kutambaa.

Mtu angeweza kusema, "Haya ni mambo madogo. Muhimu ni sala." Mimi nami ningeweza kusema hivyo, kama si Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba.

Siku hiyo somo lilikuwa dalili za hatari kwa mama mjamzito, nami nilikuwa nimebeba kipimo cha presha. Nilisema kwamba kila mwenye mimba atapimwa. Alikuwapo mke wa koplo, binti wa miaka ishirini na kidogo, mimba yake imepita miezi saba. Alikuwa akizunguka na birika la chai, na uso wake ulikuwa umevimba. Nikamwita, "Mdogo wangu, njoo nawe ukae hapa."

"Ngoja nimalize kuhudumia, dada," akajibu.

Nikalichukua birika nikampa mwingine, nikamkalisha. Presha yake ilisoma 160 kwa 110. Nikapima mkono wa pili, nikapata vilevile. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama kichwa kinamwuma.

"Tangu juzi, dada. Na macho yanaona kama vimulimuli."

"Kwa nini hukusema?"

Akatazama kule mbele kwenye makochi. "Mama yuko pale. Nikisema naumwa ataona nakwepa kazi. Halafu mume wangu ataulizwa kazini."

Akina mama, yafaa mjue kwamba presha ya 140 kwa 90 au zaidi katika nusu ya pili ya mimba ni jambo la kupelekwa hospitali. Ikifika 160 kwa 110, tena pamoja na kichwa kuuma na macho kuona vimulimuli, huo ni mlango wa kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba huua mama na mtoto kwa pamoja. Binti huyu alikuwa amesimama kwenye mlango huo, akimimina chai.

Niliposimama na kusema kwamba mgonjwa huyu anatakiwa hospitali sasa hivi, aliyenyanyuka wa kwanza alikuwa yule mama wa kochini. Alipiga simu, gari likapatikana, na yeye mwenyewe akakaa nyuma akampakata binti kichwa mapajani mwake. Hospitalini alipewa dawa ya kuzuia degedege na ya kushusha presha, na baada ya siku mbili akapasuliwa. Mtoto alizaliwa na uzito wa kilo 1.7. Alilelewa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, na leo yuko darasa la pili. Mungu ni mwema.

Wiki iliyofuata mke wa mkuu wa kikosi aliniita pembeni, macho yake yamejaa machozi. Akaniambia, "Dada muuguzi, mimi sikumkataza kusema."

Alisema kweli. Hakumkataza, wala hakuwa mtu mbaya. Makochi ndiyo yaliyomkataza, na mpango wa nani aanze na nani amalize. Ndiyo maana nasema ni desturi. Mtu mbaya mnaweza kumwonya akajirekebisha. Desturi hutenda kazi yake hata pale ambapo kila mtu ni mwema.

Nyumba ya jemadari Naamani

Tulipokutana tena tulisoma habari za Naamani katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tano. Naamani alikuwa jemadari mkuu wa Shamu, lakini alikuwa na ukoma. Nyumbani kwake alikuwapo binti mdogo aliyetekwa vitani, akimtumikia mke wa jemadari. Kwa cheo hapakuwa na aliye chini kuliko yeye. Naye ndiye aliyefungua kinywa na kumwambia bibi yake kwamba kuna nabii Samaria awezaye kumponya.

Mara nyingi tunamsifu binti yule. Siku hiyo mama mmoja wa mkekani aliuliza swali ambalo sijalisahau: "Je, na yule mke wa jemadari? Binti alithubutu kusema kwa sababu alijua atasikilizwa." Wote wakanyamaza. Kweli, angalikuwa mke wa kunyamazisha watumishi, Naamani angalikufa na ukoma wake, pamoja na medali zake zote.

Ndipo tukakubaliana tubadilishe utaratibu. Tuliyokubaliana hayakuwa makubwa. Wote tutakaa mduara mkekani, na makochi yawe ya wajawazito, wazee na wagonjwa. Kila mama ataitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, au kwa jina lake mwenyewe kama hajajaliwa mtoto, na cheo cha mume kisitajwe. Maombi yataanzia kwa aliye mdogo kwa umri. Chai itamiminwa kwa zamu iliyoandikwa, na zamu ianzie kwa viongozi. Michango itatiwa kwenye bahasha zisizo na majina. Viongozi watachaguliwa kwa kura kila mwaka, na daftari litatunzwa na mama anayeishi nje ya kambi ili lisihamishwe na mtu. Na jambo lililosemwa mduarani lisifike ofisini kwa mume wa mtu. Likiwa la hatari ya maisha, litapelekwa hospitali.

Hali kadhalika tulijiwekea mipaka sisi tunaotoka nje. Tuliandika majina getini kila tulipoingia. Hatukupiga picha. Hatukuuliza askari wamekwenda wapi wala watarudi lini. Cheo tulikiacha getini, lakini sheria za geti tulizitii zote. Mgeni asiyeheshimu mlango wa mwenyeji hawezi kumfundisha mwenyeji heshima ndani ya nyumba.

Je, wote walifurahi? La hasha. Mama mmoja alisema, "Mtawafundisha wake wa askari dharau." Mwingine, mke wa ofisa, aliacha kuja na hakurudi. Tulisikitika, tukaendelea kumsalimu na kumtembelea.

Lakini lilitokea jambo ambalo hatukulitazamia. Baada ya miezi minne hivi, mke wa mkuu wa kikosi, akiwa ameketi mkekani, aliomba tumwombee mwanawe aliyezama katika ulevi. Alilia sana. Akasema kwamba kwa miaka kumi na mmoja, kambi baada ya kambi, amekuwa akikaa mbele, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwuliza anaumwa wapi. Binti wa koplo ndiye aliyesogea akamshika mkono. Hapo nikajua kwamba kochi lile lilikuwa limemfunga mdomo yeye pia.

Waliotutangulia

Jambo hili si geni. Mwaka 1854, wakati wa vita vya Krimea, Florence Nightingale alikwenda katika hospitali ya jeshi la Uingereza kule Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, akiwa na wanawake 38. Sisi wauguzi husimuliwa habari za taa yake, lakini nusu ya kazi yake ilikuwa kupatanisha makundi. Kati ya wale 38 walikuwamo masista wa Kikatoliki, masista wa Kianglikana na wauguzi wa kawaida. Kila kundi lilikuja na desturi yake, na wote waliingia katika nyumba ya jeshi iliyokuwa na desturi yake pia.

Walikuwapo viongozi wawili wa masista kutoka shirika moja la Huruma. Mama Clare Moore, aliyetoka Bermondsey huko London, alikubali masista wake wafuate uongozi wa Nightingale katika kazi ya wodi, nao wakaendelea na sala zao na maisha yao ya kitawa. Yeye na Nightingale walibaki marafiki mpaka kifo. Mama Frances Bridgeman wa Ireland alifika baadaye mwaka huohuo. Yeye alishika kwamba masista wake wako chini yake tu. Walikuwa wauguzi hodari sana, lakini mvutano haukwisha, na mwaka 1856, Nightingale alipopewa mamlaka juu ya hospitali zote, aliondoka na masista wake. Sitaki kumhukumu. Nachojifunza ni kwamba mtu anaweza kutii utaratibu wa kazi wa mwenyeji huku akitunza desturi ya kundi lake, mradi ajue lipi ni lipi.

Hapa Afrika Mashariki nako tunao mfano. Katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu kwa maelfu ya wapagazi walichukuliwa kubebea majeshi mizigo. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Kwa hesabu rasmi za Waingereza peke yake, zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mwaka 1917, Dk. John Arthur, mmisionari na mganga wa misheni ya Kikuyu nchini Kenya, alikusanya watu wa misheni zaidi ya 1,500 waende pamoja kama kundi moja chini ya viongozi wao. Walikwenda katika vita vilevile na kubeba mizigo ileile. Lakini walitunzwa na watu waliowajua kwa majina, nao walikufa wachache kuliko wapagazi wengine. Mtu anayejulikana kwa jina lake huonekana mapema anapougua.

Mke wa jirani

Jambo jingine ni hili. Kambi ni nyumba ya watu wa dini zote. Mke wa askari Mkristo na mke wa askari Mwislamu wamegawana ukuta, kamba ya kuanikia nguo na bomba la maji. Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba sala ni kwa wanaoitaka, lakini kipimo cha presha ni kwa kila mama. Hatuhubiri kitandani pa mgonjwa ambaye hakutuita kwa ajili ya mahubiri. Hata kule Scutari malalamiko ya namna hiyo yalileta ugomvi mwingi. Akina mama wa Kiislamu walianza kuja kwenye somo la afya, na mwezi wa Ramadhani tuliwasogezea saa ya somo ili wawahi kuandaa futari. Hakuna aliyepoteza imani yake kwa kufanya hivyo.

Uhamisho na kinachobaki

Maisha ya jeshi ni uhamisho. Mama yule aliyelia mkekani aliondoka baada ya miaka miwili, mumewe alipopelekwa mkoa mwingine. Aliyekuja badala yake alikuwa na mazoea ya kambi alizotoka, na siku ya kwanza tuliyaona makochi mbele tena. Hatukugombana naye. Katibu wetu alifungua daftari, akamsomea kwa upole yale tuliyokubaliana na sababu yake, pamoja na habari ya binti wa birika. Alisikiliza mpaka mwisho. Mara iliyofuata kochi moja lilikuwa limerudishwa ukutani. La pili lilichukua mwaka.

Ndugu msomaji, huenda wewe huishi karibu na kambi yoyote. Lakini je, katika kikundi chenu hakuna mke wa mkurugenzi, mke wa mchungaji au mke wa mfanyabiashara mkubwa? Mtume Yakobo alikwisha kutuonya juu ya kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule. Tusikimbilie kusema kwamba kwetu hayapo. Mkutanapo wiki hii, tazama mambo matatu tu: nani anamimina chai kila mara, nani husema mwisho au hasemi kabisa, na daftari liko nyumbani kwa nani. Ukishayaona, zungumza na wenzako kwa upole, wala usimlaumu mtu.

Na ukimwona mama mjamzito amevimba uso, anashika kichwa, naye bado amesimama anahudumia, usingoje amalize. Chukua birika, mkalishe, na mpeleke akapimwe. Mungu atubariki sote katika utumishi wetu.